Pishi Moja ya Mkonge

Tunaanza kwa jina lake Mola, Mpaji asiyepungukiwa, aliyevikutanisha vitu viwili visivyofanana, moto na umeme, akawafunulia waja wake namna ya kuvitia chini ya boneti moja vikakaa kwa amani. Sifa zote ni zake. Rehema na amani zimfikie Mtume wake, na jamaa zake, na masahaba zake, kwa idadi ya kila gurudumu lililozunguka na kila gurudumu litakalozunguka.

Baada ya hayo, ni haki ya msomaji kuwajua watu kabla ya kuyajua mambo yao. Basi na tuwakalishe kila mmoja mahali pake. Wa kwanza ni Ruzuna binti Athumani, mhandisi wa akili za magari katika kiwanda cha Kipungu, huko Pongwe, nje kidogo ya mji wa Tanga. Mwanamke wa makamo, mrefu, mwenye sauti ya chini, na mengi ya habari hii tutayaona kwa macho yake. Wa pili ni Bwana Mhina Semkiwa, mkuu wa kiwanda hicho, ambaye akicheka vikombe hutikisika mezani, na akinuna hanuni zaidi ya muda wa kunywa kahawa. Wa tatu ni Bi Chausiku, dereva aliyeendesha malori ya mkonge tangu ujana wake, mwenye mikono hodari na ulimi usio na breki. Wa nne ni Fumo Shee, mhandisi wa kiwanda cha Tausi cha Mombasa, mshindani wao, mtu wa maneno laini na kofia iliyonyooka. Wa tano ni Bi Tunu Kilua, mwamuzi wa mashindano, ambaye hakuna aliyepata kumwona akiliharakisha neno.

Siku hizo mafuta ya kuchimbwa ardhini yalikuwa yamebaki kuwa simulizi za mababu. Magari ya pwani yote yalikunywa spiriti ya mkonge, iliyokamuliwa kutokana na makapi ya majani yale yale ambayo zamani yalitupwa mitoni yakanuka. Bi Chausiku alipenda kusema kwamba katika Tanga nzima mlevi aliyeruhusiwa ni mmoja tu, naye ana magurudumu manne. Lakini spiriti ilikuwa haba, na kila nyumba iligawiwa pishi zake kwa juma. Kwa hiyo viwanda viliacha kushindana kwa mbio na urembo, vikashindana kwa masafa: nani atakwenda mbali zaidi kwa pishi moja.

Asubuhi moja Ruzuna alikuwa amelala chali chini ya gari jipya, akikaza sahani ya shaba ubavuni mwake, aliposikia viatu vya Bwana Mhina vikija na kusimama karibu na kichwa chake. Viatu hivyo vilisimama kimya. Jambo hilo peke yake lilimtia wasiwasi, kwa maana mwenye viatu hakuwa mtu wa kukaa kimya.

Sahani ile ndiyo iliyoitwa mkono. Kila gari la pwani lilikuwa na mikono miwili, mmoja kila ubavu. Magari mawili yakisimama bega kwa bega, umeme huruka kutoka sahani hadi sahani bila ya waya, gari lenye shibe likalilisha lenye njaa. Desturi hiyo ilizaliwa baada ya mwaka wa masika makubwa, mlima ulipoporomoka juu ya barabara ya Lushoto na magari yakakwama huko na wagonjwa ndani yake, mengine yana umeme wa kutosha, mengine hayana hata wa kuwasha taa, na hapakuwa na njia ya kugawana. Tangu hapo serikali za pwani ziliafikiana kwamba gari lisilo na mkono halitapewa namba. Hata hivyo mapatano yale hayakusema gari litoe kiasi gani, wala lini, wala limpe nani. Hilo liliachiwa kila kiwanda, nalo likawa siri ya kila kiwanda.

Siri ya Kipungu aliiandika Ruzuna mwenyewe, na haikumpa taabu hata kidogo. Alilifundisha gari kama alivyofundishwa yeye utotoni: ukimwona mwenzako amepungukiwa, mtangulie kwa kumpa, naye akikupa, mrudishie mfano wa alichokupa, na uongeze kidogo. Hakuona kwamba pana jambo la kufikiri hapo. Ndivyo watu wanavyosalimiana, ndivyo sahani ya chakula inayotoka kwa jirani isivyorudi tupu. Kwa nini gari lililotengenezwa na watu hao liwe na tabia nyingine?

Alipotoka chini ya gari akijifuta mikono, Bwana Mhina alianza kwa mbali. Alisifu rangi ya gari, akauliza hali ya mama yake, akasifu tena rangi. Kisha akaeleza kwamba madereva wamemletea habari. Magari ya Tausi yana mkono mkunjufu kupita kiasi. Popote yanapoliona gari la Kipungu limechoka, husimama na kulijaza. Na kwa kuwa siku ya mashindano magari mawili tu yatapanda mlima, moja la Kipungu na moja la Tausi, yeye amewaza jambo. Gari lao lipokee kama kawaida, ila lisirudishe.

"Fundi, sikuambii uibe," alimaliza. "Nakuambia unyamaze."

"Bwana Mhina, mtu akisalimiwa akanyamaza, huitwaje?"

"Huitwa kiziwi. Na kiziwi hana dhambi."

Ruzuna alicheka, na kicheko kilimuudhi, kwa maana hakutaka kucheka. Mkuu wake hakucheka naye. Alivuta kiti cha mbao, akaketi, akasema kwa sauti ambayo Ruzuna hakuwahi kuisikia kwake. Kiwanda kitakachoshinda ndicho kitakachotengeneza magari ya wakunga na wauguzi wote kutoka Lamu hadi Mtwara. Tausi wakishindwa watarudi Mombasa kunywa chai, kwa kuwa wana kazi nyingine tele. Kipungu wakishindwa, au hata mashindano yakiahirishwa, malango ya Pongwe yatafungwa kabla ya mwaka kuisha. Aliwataja wafanyakazi kwa majina yao: mchomeleaji ambaye binti yake anaolewa, mama wa jikoni, wale ndugu wawili wa rangi wasiosemezana lakini wanaokula sahani moja. Kanuni za mashindano alizisoma zote, na hakuna inayolilazimisha gari kurudisha.

Ruzuna aliomba muda. Alikwenda kusali, akarudi, akamwambia kwamba atatia kitufe. Kikibonyezwa, gari litapokea na kunyamaza. Kisipobonyezwa, gari litabaki na adabu yake. Lakini siku hiyo atakaa ndani ya gari yeye mwenyewe, na kidole kitakuwa chake. Bwana Mhina alikubali, akamshukuru, akasifu rangi ya gari kwa mara nyingine.

Ruzuna alikifunga kitufe hicho chini ya kioo cha vipimo, akaandika juu yake neno Kimya. Kutwa nzima ile alijihisi kama mtu aliyeingia nyumba ya watu na viatu.

*

Siku ya mashindano Mombo ilijaa watu kama siku ya Idi. Kulikuwa na vigelegele, na ngoma, na wauza maandazi, na mashabiki wa Mombasa waliokuja na bendera za buluu na dhihaka walizozitunga njiani. Waliliita gari la Kipungu bati la mkonge. Bi Chausiku, akiwa amejifunga kanga kiunoni tayari kwa usukani, alilitazama gari la Tausi lililong'arishwa mpaka likaakisi mawingu, akauliza kwa sauti ya kusikika kama bibi harusi huyo amekuja na somo wake wa kumfunda au atapanda mlima peke yake. Hata watu wa Mombasa walicheka.

Bi Tunu Kilua alipima pishi mbili za spiriti kwa mkono wake, akamimina moja katika kila tangi, akatia lakiri yasifunguliwe. Amri ilikuwa nyepesi. Magari yatapanda kutoka Mombo hadi Lushoto, yatashuka, yatapanda tena, na kuendelea hivyo mpaka tangi likauke na betri ife. Litakalokwenda masafa marefu zaidi ndilo litakaloshinda. Mkono ni halali, kwa kuwa gari la mkunga lisilojua kusaidia wala kusaidiwa halina faida. Ila mikono ikishikana, magurudumu hujifunga yenyewe mpaka kupeana kuishe, gari lisije likaondoka na umeme wa mwenzake.

Wakaondoka. Ruzuna aliketi kando ya Bi Chausiku na macho yake kwenye vipimo. Na hapa inafaa msomaji ajue jinsi gari la mseto linavyokula chakula chake. Penye tambarare injini hufanya kazi taratibu, ikinywa spiriti kwa matone, na kinachozidi hukiweka katika betri. Penye mwinuko, mota ya umeme huamka na kusukuma. Penye mteremko, mota hiyo hiyo hugeuka mzalishaji: gari likitaka kukimbia, mota hulishika, na nguvu ya kushika huwa umeme, urudio betrini. Hivyo mlima hudai unapopandwa na hulipa unaposhukwa, ingawa haulipi vyote. Ufundi wote wa viwanda ulikuwa katika kukipunguza kile ambacho mlima unabaki nacho.

Walipanda na kushuka, wakapanda na kushuka tena. Kila magari yalipopishana katika zile kona za bonde, yaliangaziana taa kwa heshima na kwenda zake, kwa kuwa hakuna lililokuwa na haja. Bi Chausiku aliendesha kwa namna ambayo Ruzuna aliiona kuwa karibu na ibada: hakukanyaga breki hata mara moja pasipo sababu, na mdomo wake haukupumzika. Aliwasimulia waume wake watatu mmoja baada ya mwingine, akasema kwamba wa pili ndiye aliyemfunza kushuka mlima, kwa kuwa pamoja naye hakuwa na njia nyingine ya kwenda. Ruzuna alicheka mpaka akasahau kitufe.

Katika kupanda kwa mwisho tangi lilikauka. Injini ilikohoa, ikanyamaza, wakabaki na umeme peke yake. Kipimo cha betri kilikuwa kinashuka kama maji ndani ya mtungi uliopasuka. Walipoikunja kona ya mwisho kabla ya daraja la Soni, waliliona gari la Tausi mbele yao likitambaa, nalo limekauka vile vile.

Hapo gari la Kipungu lilifanya kama lilivyofundishwa. Lilimwona mwenzake amepungukiwa. Bila ya kuulizwa, likasogea ubavuni mwake kwenye uwazi ulio kando ya daraja, likasimama, likatoa mkono.

*

Kwenye kioo cha vipimo pakaandikwa: Natoa. Sehemu ndogo ya umeme ikaruka kwenda kwa Tausi. Kikapita kitambo. Kisha pakaandikwa: Napokea, na kipimo kikapanda juu kidogo kuliko kilivyokuwa.

"Wamerudisha na nyongeza," alisema Bi Chausiku. "Watu wa Mombasa wana malezi."

Gari la Kipungu likafikiri, likaona kwamba limepewa, likarudisha mfano wake na kuongeza kidogo. Gari la Tausi likapokea, likarudisha na kuongeza. Wanawake hao wawili walicheka. Umeme ukaenda tena, ukarudi tena, kila mara mzigo ukiwa mkubwa kuliko wa kwanza, kama pembea inayosukumwa na watoto wawili ambao kila mmoja anataka mwenzake afike juu zaidi. Kicheko cha Ruzuna kikapungua, kikaisha.

Watu wa soko la Soni waliacha matenga ya mapeasi na plamu wakaja kutazama. Nyuma ya magari malori ya kabichi yalianza kupanga foleni, na madereva wake wakashuka kuuliza kuna nini. Bibi mmoja mwenye kikapu kichwani aliangalia kwa makini, akauliza kama magari haya ni wakwe. Jirani yake akamjibu kwamba hapana, haya yanasindikizana: huyu amemfikisha yule mlangoni, yule ameona haya akamrudisha huyu kwake, na hivi watalala njiani. Kicheko kikaenda mpaka kwenye lori la mwisho.

Ruzuna hakucheka, kwa kuwa alikuwa ameelewa. Alikuwa amelijaribu gari lake mbele ya magari yenye shibe na mbele ya magari yenye njaa. Hakupata kulijaribu mbele ya gari lenye adabu kama yake, yote mawili yakiwa na njaa. Kuna mtu huko Mombasa aliyeandika kanuni ile ile, kwa wepesi ule ule, bila ya kuona kwamba pana jambo la kufikiri. Na viwanda vilivyokuwa vikifichana siri havikujua kwamba siri ni moja. Shaba ya mkono ilikuwa imepata moto; kila umeme ulipovuka, sehemu yake iligeuka joto na kupotea hewani. Pembea ilikuwa inapanda, lakini kamba zake zilikuwa zinaungua. Muda si mrefu betri zote mbili zingekufa hapo hapo, mkono kwa mkono.

"Mwanangu," alisema Bi Chausiku kwa sauti ya chini, "kile kidude chako si kipo?"

Kilikuwapo. Kidole cha Ruzuna kilikwisha kufika juu yake. Akikibonyeza sasa, zawadi kubwa inayokuja kutoka Tausi itaingia na haitatoka; mikono itaachana, nao watapanda na kushinda. Hakuna atakayejua. Watasema gari la Kipungu lilikuwa na busara ya kukoma. Na zaidi ya hayo, alijiambia, lazima mmoja akome, ama sivyo wote wataangamia. Basi kubonyeza ni kuokoa. Aliyageuza mawazo hayo akayaona hayana kasoro, na hilo ndilo lililomtisha. Mwizi na mwokozi wangebonyeza kitufe kimoja, kwa kidole kimoja, wakati mmoja. Macho ya watu yasingeona tofauti kati yao. Tofauti ingekuwa katika jambo moja tu, nalo ni kama mwenye mali ameulizwa.

Alifungua mlango akashuka.

Fumo Shee, aliyepanda katika gari la Tausi, alikuwa ameshuka pia, amesimama kati ya magari akiitazama shaba inayofuka.

"Kaka Fumo, hili lako umelifundisha nini?"

"Likipewa, lirudishe, na liongeze kidogo. Na lako?"

"Hilo hilo."

Fumo alivua kofia, akaegemea boneti, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Alisema kwamba mwaka mzima amekuwa akilala na siri hii kifuani kama mtu aliyemeza lulu, kumbe lulu yenyewe imo katika kila nyumba ya pwani. Ruzuna alimwacha acheke mpaka amalize, kwa sababu alijua kwamba baada ya hapo hatacheka. Bi Tunu Kilua, aliyekuwa akiyafuata magari njia nzima, alikuwa amekaribia, mikono nyuma, akisikiliza.

"Ndani ya gari letu mna kitufe," alisema Ruzuna. "Nikikibonyeza, litapokea chako na halitarudisha. Hakikuwekwa kwa ajili ya dharura kama hii. Kiliwekwa ili tukule wewe."

"Nani alikiweka?"

"Mimi."

Fumo aliirudisha kofia kichwani, akainyoosha kwa uangalifu mkubwa. Aliuliza kama kitufe hicho kinaweza kulisimamisha gari la Kipungu baada ya kutoa badala ya baada ya kupokea. Ruzuna akajibu kwamba hapana, hakikutengenezwa hivyo. La kwake Fumo halikuwa na kitufe chochote. Bi Tunu aliongeza la kwake bila ya haraka: betri zikifa hapa, masafa yatakuwa sawa, mashindano yatakuwa yamebatilika, na yatarudiwa mwaka ujao. Wote watatu walijua maana yake. Tausi wanaweza kungoja mwaka. Kipungu hawawezi.

Mtu mwingine angeweza kufunga mikono akangoja, na asingelaumiwa na yeyote. Fumo alilitazama gari lake, akalitazama la Kipungu, na umeme ukavuka mara nyingine baina yao kwa mlio mwembamba kama wa nyuki.

"Dada Ruzuna," alisema, "sikulifundisha gari langu kutoa ili mimi nisimame kando yake nikijuta. Bonyeza. Nimekupa, na Bi Tunu ni shahidi, na hawa wauza mapeasi ni mashahidi."

"Mombasa watakuambiaje?"

"Watanisema mpaka Ramadhani. Wakishafunga watapumzika."

Ruzuna alirudi garini. Alingoja mpaka kioo kilipoandika Napokea, akabonyeza. Zawadi ya Tausi ikaingia yote, kubwa, ya moto. Gari la Kipungu likanyamaza, na mikono ikaachana. Alidhani atajisikia mwepesi. Badala yake alijisikia kama mtu aliyebebeshwa mtoto wa watu: furaha, na hofu ya kumwangusha.

Magari yaliondoka pamoja, na soko zima likayashangilia. Tausi ilivuka daraja, ikafika mbele ya duka la kwanza, ikazima taa zake moja moja kwa heshima, ikasimama. Kipungu ikapita soko, ikapita msikiti, ikafika penye mashamba ya kabichi, na hapo ikakata pumzi. Bi Chausiku aliubusu usukani. Alisema kwamba mume wa pili angekuwapo leo angeomba radhi.

*

Bwana Mhina alifika Soni juu ya lori la mashabiki, koti begani, akiimba. Aliwapata watu wamekusanyika mbele ya msikiti, na Bi Tunu katikati yao na vipimo vyake. Kipungu kimekwenda mbali zaidi. Lakini vipimo vilionyesha pia kwamba umeme wa zawadi ile ya mwisho ulikuwa mwingi kuliko ule uliotumika kwa masafa yaliyozidi. Lau usingetolewa, Tausi ndiyo ingefika kabichini.

Ruzuna alisimama mbele ya mwamuzi akasema kwamba ushindi basi ni wa Tausi. Fumo akasema kwamba haiwezekani, zawadi hairudishwi kwa mlango wa nyuma, ushindi ni wa Kipungu. Ruzuna akasema kwamba angalau magari ya wakunga yagawanywe nusu kwa nusu. Fumo akashukuru kwa ukarimu huo, akasema kwamba kwa ajili yake Tausi itawapa Kipungu ufundi wake wa mota wautumie bure. Ruzuna akasema kwamba ikiwa hivyo, Kipungu nao watawapa Tausi kiwanda chao cha kukamulia spiriti wakitumie watakavyo. Fumo akafungua kinywa ili aongeze, na yule bibi mwenye kikapu akauliza kama na hawa nao wana vitufe. Watu wakaanguka kwa kicheko, na hapo ndipo wahandisi hao wawili walipojiona, wakatazama chini.

"Magari niliyastahimili," alisema Bi Tunu, "kwa kuwa hayajui yatendalo. Nyinyi mmesoma. Kipungu kimeshinda, nami nimekwisha kuamua. Ruzuna binti Athumani, huyu amekupa. Limebaki neno moja, na usilitilie nyongeza."

Kabla hajalisema, Bwana Mhina alipenya katikati ya watu. Bi Chausiku alikuwa amemsimulia yote sikioni, ya kitufe na ya kukiri, na uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Alisimama mbele ya Fumo, mtu mnene mbele ya mtu mwembamba, akashusha koti begani kama anayeingia mahali pa heshima.

"Kijana," alisema, "mimi nilikusudia kukuibia."

"Na mimi nimekupa, mzee wangu," alijibu Fumo. "Umekosa la kuiba."

Kicheko cha Bwana Mhina kikaja, kile cha kutikisa vikombe, na ndani yake mlikuwa na kitu kingine kilichomfanya ajifute macho kwa koti. Alimshika mkono Fumo, na hakuna aliyethubutu kusema kwamba huenda na hawa wakakwama.

Ruzuna alimgeukia Fumo.

"Ahsante," alisema.

Ulimi wake ulitafuta cha kuongeza. Karamu, ahadi, mwaliko wa Pongwe, salamu kwa mama yake Fumo. Vyote vilikuja mpaka kwenye meno. Alivifungia. Neno lilikaa peke yake hewani, jembamba, bila ya kifuniko, na aliona jinsi ilivyo vigumu kuliacha hivyo. Fumo naye alikuwa ameinua mkono kwa mazoea, tayari kujibu kwa kilicho bora zaidi. Akaushusha. Akatabasamu, akainamisha kichwa, na mambo yakaishia hapo, na wote wawili wakabaki wazima. Kutoka msikitini adhana ya alasiri ikainuka juu ya malori ya kabichi, na watu wakaenda kutawadha.

Ewe Mola uliyetoa bila ya kuombwa na ukapokea shukrani zetu chache bila ya kudai zaidi, wabariki wanaobaki. Wabariki wa Pongwe ambao malango yao yamebaki wazi, na wa Mombasa waliorudi mikono mitupu na nyuso zikiwa na nuru. Wabariki wakunga watakaopanda milima kwa pishi moja, na watoto watakaopokelewa mwisho wa safari hizo. Warehemu waliotufundisha kutoa, nasi utufundishe lililo zito zaidi, kupokea kwa moyo mweupe na kusema ahsante. Na kila atakayebakia njiani tangi likiwa kavu, umjaalie mwenzake wa kusimama ubavuni mwake. Amina.